Uyoga mchungu kuliko mwarobaini

Aisee hii stori inaanzia kwa shangazi na kahawa yake. Mwaka juzi nimeenda kumsalimia nikakuta boksi la vile vipakti vya kahawa ya ganoderma, yaani kahawa iliyotiwa uyoga wa jina hilo, zile wanazouza watu wa biashara ya mtandao, wanaibuka mpaka kwenye vikao vya vikoba wamebeba leptop, na shangazi akaniambia mwanangu hii inatibu presha, sukari, miguu kufa ganzi, kila kitu. Sawa. Shida ni kwamba vidonge vyake vya presha alikuwa ameviacha, eti aliambiwa havichanganywi na hiyo kahawa. Nikaomba kikombe nikaonja. Tamu, maziwa ya unga na sukari, yaani kahawa ya kawaida kabisa.

Nikarudi nyumbani nikaanza kusoma na nikanogewa, si unanijua mimi na uyoga.

Huo uyoga wenyewe Wachina wanauita lingzhi, Wajapani reishi. Unaota kwenye magogo na mashina ya miti ya mbao ngumu, juu unang'aa kama umepakwa vanishi, rangi ya damu ya mzee, na mgumu kama ubao kwahiyo sahau mambo ya kukaanga na nyanya. Kwenye kile kitabu cha dawa cha Wachina chenye jina la Shennong, mfalme wao wa hadithi za kale, cha karibu miaka 2,000 iliyopita, umetajwa wa rangi sita, kila rangi na kazi yake, na umewekwa kundi la juu kabisa, na hapa ndipo niliposhtuka kidogo maana kundi hilo ni la vitu vya kutumia taratibu muda mrefu kujenga mwili, siyo vya kukutibu ukizidiwa leo. Wazee wao walikuwa wanaukata vipande wanachemsha masaa, wanampa mtu aliyechoka mwili, asiyepata usingizi, moyo unamwenda mbio, au mwenye kikohozi na kifua kubana. Na ulikuwa adimu, Japani waliuita mannentake, uyoga wa miaka elfu kumi, wakiuokota kwenye miplamu mizee porini mpaka miaka ya 1970 walipofanikiwa kuupanda vizuri.

Halafu kuna Li Shizhen, yule tabibu wa Kichina ambaye kitabu chake kilichapwa 1596, yeye aliwacheka kabisa watu wanaodhani ukiula hufi, akasema kitu kinaota kwenye uozo kama uvimbe kwenye mwili wa mtu, kitakupaje uzima wa milele. Nilimpenda huyu mzee.

Na kuhusu hayo ya shangazi, Cochrane, mtandao wa wataalamu wanaopima tafiti za tiba, walipitia tafiti zilizopo mwaka 2015, wakaona kwa wagonjwa wa sukari ya aina ya pili ushahidi haukubali kuutumia kushusha sukari wala presha. Tena ukiwa unatumia dawa za kuyeyusha damu au unasubiri operesheni ndiyo usiuguse bila kumwambia daktari, unaweza kukuongezea kutoka damu.

Mimi nikasema naupanda. Mbegu nilipata kwa jamaa anayezalisha mbegu za uyoga, chupa moja ya mtama uliojaa utando mweupe. Unga wa mbao nikaomba kwa fundi seremala, ila chagua, paini hapana ina utomvu, na mbao iliyopigwa dawa hapana kabisa. Ndoo nane za unga wa mbao, mbili za pumba, jasi kidogo, maji mpaka ukikamua ngumini yadondoke matone mawili matatu tu, ukiona yanatiririka umeharibu. Unajaza kwenye mifuko ya nailoni inayovumilia moto unapika kwa mvuke kwenye pipa masaa nane. Mimi kuni ziliisha nikaishia manne nikajipa moyo kwamba yatosha, basi mifuko kumi, sita ikaota ukungu wa kijani ndani ya wiki mbili nikaitupa mbali huku nimeziba pua. Zilizobaki nne zikapona, mwezi mzima ziko gizani mpaka zikawa nyeupe kama mkate wa boflo.

Hapo nikafungua midomo ya mifuko, nikaiweka stoo, nikafunga mlango ili unyevu usitoke. Kosa la pili. Badala ya kofia yakatoka mapembe! Marefu, membamba, yana ncha nyeupe, kama pembe za swala zinazochipua. Kumbe hewa chafu ya uyoga wenyewe ikijaa chumbani haufungui kofia, unarefuka tu kutafuta hewa. Nikang'oa ubao mmoja wa dirisha, nikatundika magunia yaliyoloweshwa, kunyunyizia asubuhi na jioni, na baada ya siku kadhaa zile ncha zikaanza kutanuka kama upepeo, ukingoni nyeupe, kati njano, nyuma nyekundu. Siku moja naingia nakuta vumbi la kahawia kama kakao limetapakaa mpaka kwenye baiskeli ya mtoto, ni mbegu zake zile. Ukingo mweupe ukiisha unavuna, na ukate vipande siku hiyohiyo, ukikauka mzima utatafuta msumeno.

(Kabla sijasahau, tafadhali usiende kubandua ule ulioota kwenye mwembe wa jirani ukachemsha. Ndugu zake wapo huku kwetu, wanaozesha mizizi ya miti, na wanafanana balaa.)

Nikachemsha vipande vitano, masaa mawili moto mdogo, maji yakawa kama chai ya rangi, nikaweka kwenye chupa nikampelekea shangazi aonje funda moja tu. Akaonja. Uso ukajikunja wote. "We mtoto umeniwekea mwarobaini?"

Nikamwambia shangazi huu ndio uyoga wenyewe, ule wa kwenye kahawa yako, na ladha yake ndiyo hiyo.

Akanyamaza, akalivuta lile boksi akalisoma mbele na nyuma bila miwani. Sasa kliniki anaenda kila mwezi na vidonge anameza, na boksi anawekea nyuzi zake za kufumia vitambaa.