Mwanga chini ya rula

Jumamosi, usiku

Mikono bado inanukia oili, nimeshanawa mara tatu. Naandika kabla sijalala maana kesho nitakuwa nimeshasahau nusu.

Nianzie Jumanne. Mzee, fundi wangu, aliigeuza juu ya meza hedi, yaani kifuniko cha juu cha injini ya gari nililonunua likiwa bovu, akaiegesha rula ya chuma kwa mshazari, kisha akawasha tochi ya simu upande wa pili. "Njoo uchungulie, mwanangu." Nikapiga goti kwenye kipande cha boksi. Katikati, kati ya silinda ya pili na ya tatu, mwanga ulikuwa unapita chini ya rula, mwembamba kama uzi wa buibui; hedi ilikuwa imepinda. Akachomeka fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi. Bati la milimita 0.10 likapita. Kiwango cha mwisho kinachokubalika kwenye injini hii ni 0.05. "Hapa ndipo maji yalipoingilia," akasema, akakaa kimya, na mimi nikakaa kimya.

Gari ni Premio ya mwaka 2003, injini 1NZ ya lita 1.5. Nimelinunua Kimara kwa milioni 3 na laki 4, pesa yangu ya mgawo wa kikoba, likiwa limelala chini ya mwembe miezi minane. Zima zima nisingeliweza kwa bei hiyo hata nikiota. Dada yangu alipolisikia alisema nimenunua kesi. Simlaumu, maana tuna binamu aliyeuziwa injini iliyoganda akaambiwa ni betri tu.

Lakini mimi sikwenda kichwa kichwa. Nililinganisha namba ya chasisi na ya injini na zile za kwenye kadi, nikaangalia kama linadaiwa faini za barabarani. Kisha nikachomoa kijiti cha oili: rangi ya chai ya maziwa, nzito. Maana yake maji yamefika kwenye oili, na hilo mwenyewe hakulificha. Mzee, niliyekuwa nimeongozana naye, akatia spana kwenye puli ya krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, akaizungusha kwa mkono, taratibu, mizunguko miwili kamili. Ilizunguka bila kukwama. "Tuna pa kuanzia," akaniambia kwa sauti ya chini. Ingegoma, ningerudi nyumbani na pesa zangu.

Aliyeniuzia ni kijana wa makamo, mpole. Alinisimulia ilivyokuwa, na maneno yake sijayaacha tangu siku ile. Alikuwa kwenye foleni, jioni, watoto nyuma. Mshale wa joto ukapanda. Akazima feni ya ndani, akawa anatafuta pa kusimama. Mara mshale ukashuka wenyewe. "Dada, nikajua imepona. Nikaendelea." Baada ya kilomita chache gari likakosa nguvu, likatoa moshi mweupe, likazima.

Nilimuuliza mzee inakuwaje mshale ushuke wakati injini inaungua. Akanionyesha sensa ya joto, kitu kidogo kinacholingana na kifundo cha kidole. Kazi yake ni kupima maji. Maji yakishakwisha inabaki kwenye hewa, na hapo inaweza kusoma chini ilhali chuma kinaiva. Kwa hiyo mshale ule ulishuka kwa sababu hapakuwa na maji tena ya kupimwa. Yule kijana alifanya ambacho wengi wetu tungefanya. Kila nikimfikiria na watoto wake pale kwenye foleni, roho inaniuma.

Maji yalivujia kwenye wota pampu. Ndani ilikuwa imeliwa na kutu, na kwenye njia za maji za bloku, yaani mwili wa injini, kulikuwa na tope la kahawia. Hili linanikera kweli: gari limeendeshwa kwa maji ya kisima, na themostati, kile kidhibiti cha joto la maji, ilishang'olewa zamani, ati nchi yetu ina joto. Visima vingi vya hapa Dar maji yake yana chumvi, na chumvi haina huruma na aluminiamu. Kulanti, yale maji maalumu ya kupozea injini, si pambo.

Wengi walinishauri niende kwenye maduka ya vipuri ya mtaa wa Gerezani nikachukue injini ya mtumba kutoka Japani. Niliulizia, nikatajiwa milioni 1 na laki 6. Lakini injini ile nayo sijui ilikotoka wala ilivyotunzwa, na namba ikibadilika lazima nikairekebishe kwenye kadi. Hii ya kwangu angalau najua ilivyokufa. Tukafungua sampu, bakuli la oili chini ya injini. Beringi za kon-rodi, vile vyuma vinavyounga pistoni na krenki, zilikuwa na mikwaruzo, tukazibadilisha zote. Kwenye krenki mzee aliniambia nipitishe ukucha, nione kama nayo ina mikwaruzo. Nikaupitisha polepole, shingo moja hadi nyingine, nimebana pumzi. Haukukwama popote.

Hedi ikaenda kusawazishwa, ikarudi inang'aa. Leo asubuhi tumeifunga. Boliti ni 10, zinakazwa kuanzia katikati kwenda nje, kwanza kwa spana ya kupimia nguvu ya kukaza, kisha kila moja robo mzunguko, halafu robo nyingine. Ili tusikosee inabidi kila boliti iwekewe alama, na mzee hakuwa na rangi. Nikatoa rangi ya kucha kwenye pochi. Nikatia nukta nyekundu kumi, zote zikitazama mbele. Mwisho wa kazi zote zilikuwa zimegeukia nyuma. Mzee alizihesabu mara mbili kwa kidole.

Saa kumi na robo limewaka. Moshi mweupe mwanzoni, kisha ukaisha. Nilisimama mbele ya rejeta dakika arobaini, mshale umetulia chini kidogo ya katikati. Feni ikavuma, ikazima. Ikavuma tena.

Nikampigia yule kijana wa Kimara. Nilidhani nitamweleza mengi, lakini nilisema tu, "Kaka, limewaka." Akauliza kama anaweza kulisikia. Nikaisogeza simu karibu na injini, boneti likiwa wazi, nikaishikilia pale. Nilipoirudisha sikioni alikuwa bado yupo, hasemi.

Baadaye akauliza, "Umeweka kulanti?"

"Nimeweka, kaka. Ile nyekundu."