Paka anayetoka nje usiku wa Julai: ninavyomwandalia

Baridi ikianza kubana mwezi Juni, watu wengi huku Mbeya, Njombe na Makete huanza kumfungia paka ndani hadi Agosti iishe. Mimi simfungii. Miezi hiyohiyo ndiyo mahindi yanavunwa na kuingizwa stoo, na panya huyafuata. Paka mzima mwenye afya, aliyeshiba na mwenye manyoya makavu, huhimili usiku wetu. Kinachomwangusha ni kulowa na upepo. Kwa hiyo namwandalia sehemu kavu isiyopitisha upepo, ambayo anaweza kuingia na kutoka saa yoyote bila kusubiri mtu amfungulie mlango.

Baridi yenyewe haifanani kila mahali. Rungwe ina manyunyu na ukungu hata katika miezi ambayo kwingine ni kiangazi, na paka hurudi amelowa tumbo na miguu kwa kupita kwenye majani tu. Mbeya mjini ni upepo mkavu na usiku wa nyota nyingi. Makete na uwanda wa Kitulo, ulio kwenye mwinuko wa mita 2,600 hivi, umande huganda kuwa barafu juu ya nyasi. Anga likiwa wazi, ardhi hupoteza joto haraka, na hewa ya baridi kwa kuwa ni nzito huteremka na kujaa mabondeni. Ndiyo maana siweki kibanda cha paka sehemu ya chini ya kiwanja, hata kama ndiko kuna nafasi. Mita chache juu ya mteremko zinaleta tofauti unayoihisi mkononi alfajiri.

Kibanda natengeneza kwa mabanzi ya paini, ambayo Mafinga na Njombe hayakosekani kwenye mashine za mbao. Ndani kiwe na urefu wa sentimita 50, upana 35 na kimo 35, kinatosha paka mmoja, au wawili wanaopatana. Wengi hutengeneza kikubwa wakidhani wanampendelea. Hakuna moto humo ndani; kinachopasha joto ni mwili wa paka, na kibanda kikiwa kikubwa hauwezi kukijaza. Mabanzi yakikauka hunywea na kuacha nyufa, kwa hiyo ndani naweka ukuta wa pili wa maboksi ya karatasi, naacha nafasi ya vidole viwili katikati na kuijaza magazeti yaliyokunjwakunjwa. Hewa iliyotulia humo ndiyo inayozuia joto lisitoke.

Paa ni bati lenye mteremko, ila bati peke yake litamlowesha paka. Pumzi yake ina unyevu. Bati likipoa usiku, unyevu huo hushika upande wa chini na alfajiri hudondoka. Ingiza mkono saa kumi na mbili asubuhi, upapase chini ya bati: ukikuta matone yamejipanga, basi mgongo wa paka nao umelowa, na anaweza kukihama kibanda usijue sababu. Dawa yake ni dari ya ubao chini ya bati, na vitundu viwili vya ukubwa wa kidole karibu na paa ili unyevu utoke. Usizibe kila kitu ukidhani ndiyo joto.

Sakafu isiguse ardhi. Naweka kibanda juu ya matofali, kimo cha sentimita 15 hadi 20. Tundu la kuingilia lina upana wa sentimita 15 na kimo hichohicho, na nalitoboa pembeni, si katikati, ili paka ajikunje kwenye kona isiyofikiwa na upepo. Liwe sentimita 10 juu ya sakafu, malazi yasimwagike nje. Pazia lake nakata kwenye tyubu kuukuu ya gari: vipande viwili vinavyopandana kidogo, si kimoja kipana, maana kipande kimoja hupeperushwa na upepo wote unaingia. Paka wengi hukataa pazia mwanzoni. Likunje juu kwa siku kadhaa, kisha shusha kipande kimoja, halafu cha pili.

Upepo wa miezi hii kwa kawaida hutoka kusini mashariki, kwa hiyo tundu huelekea kaskazini magharibi. Lakini Mbeya imezungukwa na milima na upepo hujipinda. Kabla ya kukiweka kibanda, simama mahali hapo jioni, achia majivu kidogo kutoka mkononi na uangalie yanakoelekea.

Malazi ndiyo sehemu inayokosewa zaidi. Blanketi, sweta kuukuu na magunia ya katani havifai nje: hunywa unyevu, na kitambaa chenye unyevu hunyonya joto la paka badala ya kulitunza. Natumia mabua makavu ya ngano, au majani ya mpunga kutoka Usangu au Kyela. Jaza kibanda hadi robo tatu kisha bonyeza shimo kwa ngumi. Paka atajichimbia humo mwenyewe. Maranda ya paini yanafaa kama ni makubwa na makavu kabisa, lakini vumbi la mbao humwingia puani na kumletea chafya. Shika konzi ya malazi na uikamue: ikibaki imeshikana, au ikinuka uvundo, toa yote uweke mapya.

Kama paka analala stoo penye mahindi, tundu la vipimo vilevile chini ya mlango linatosha. Hapo hatari ni dawa. Baadhi ya dawa za unga za kuhifadhi mahindi zina pamethrini, ambayo mwili wa paka hauwezi kuivunja kama wa mbwa au wa mtu. Unga ukimwangukia, anaulamba akijisafisha. Huanza kutetemeka, na wengine hufa. Changanya dawa paka akiwa nje, pangusa magunia, fagia sakafu, ndipo umruhusu. Sumu ya panya usiweke kabisa, kwa sababu paka akila panya aliyekula sumu, naye anaipata.

Jikoni kwenye kuni, paka hupenda kulala ndani ya majivu. Chini ya majivu kuna makaa usiyoyaona, na majivu yakikutana na miguu iliyolowa huchoma ngozi. Baada ya kupika naziba mafiga kwa kipande cha bati na kumtandikia umbali wa nusu mita. Mawe hubaki na joto kwa muda mrefu. Jiko la mkaa lisiachwe linawaka kwenye chumba kilichofungwa, kwa ajili yake na kwa ajili yenu.

Chakula kiongezwe, kwa kuwa mwili unachoma zaidi. Natoa usipa wa Ziwa Nyasa, waliochemshwa bila chumvi, karibu robo zaidi ya kawaida, na sehemu kubwa iwe jioni kabla hajatoka. Ugali uwe wa kuchanganyia tu; paka ni mla nyama. Maziwa ya ng'ombe huwaharisha paka wengi wakubwa, na kuharisha wakati wa baridi humdhoofisha haraka.

Mwenye gari agonge boneti kabla ya kuwasha, maana injini iliyozimwa jioni ndiyo kitanda chao. Kulanti, yaani maji ya kupozea injini, ikimwagika ioshwe papo hapo: ladha yake ni tamu, na kijiko kimoja cha chai kinatosha kumuua paka.

Wapo ambao siwatoi usiku: watoto chini ya miezi minne, wazee, waliokonda, wanaonyonyesha, na paka aliyeletwa kutoka Dar es Salaam au Tanga mwezi Juni, ambaye manyoya yake bado ni ya pwani. Huku kwetu urefu wa mchana haubadiliki sana, kwa hiyo paka huzaa mwaka mzima, na aliyepandwa Aprili huzaa Juni. Watoto wachanga hawawezi kujipasha joto wenyewe. Ukikuta mmoja amepoa, ingiza ncha ya kidole kinywani mwake. Kama ndani ni baridi, usimpe maziwa, kwa sababu tumbo limesimama na yatamwua. Mkaushe, mfunge kwa kitambaa, weka ubavuni chupa ya maji ya moto iliyovishwa soksi, umgeuze mara kwa mara. Joto lipande taratibu, si kwa kumweka karibu na moto. Maziwa yafuate kinywa kikishapata joto, nayo yawe ya mama yake, au yale yaliyotengenezwa kwa ajili ya watoto wa paka.

Paka mkubwa aliyepoa hufanyiwa vivyo hivyo. Joto lake la kawaida ni nyuzi 38 hadi 39.2. Aliyekuwa akitetemeka akaacha huku bado ni baridi na amelegea, huyo amezidiwa, si kwamba amepona. Mwahishe kwa daktari wa mifugo akiwa amefunikwa. Na akipata mafua, akapiga chafya na kutoa machozi, usimpe panado hata kipande. Paka hana uwezo wa kuivunja parasetamo. Damu yake hushindwa kubeba hewa, na kidonge kimoja kinatosha kumuua.