Vile nilighani shairi harusini bila karatasi

Binamu yangu alikuwa anaoa, shangazi akaamua mimi ndio nitaghani shairi, eti kwa sababu shuleni nilikuwa kwa timu ya mashairi. Kuandika haikunisumbua, tarbia, yaani mistari minne kila ubeti, beti sita, mizani (silabi) nane kwa nane kila mstari. Kazi ilikuwa kuliweka kichwani, maana ukighani huku unachungulia simu sauti inaingia kifuani na watu wanabaki kuangalia utosi wako tu.

Njia niliyotumia ni ya kitambo sana. Inasemekana ni ya Simonides, malenga wa Ugiriki ya kale, alitoka nje kidogo karamuni paa likaangukia wageni, miili haitambuliki, lakini akawataja wote kwa kukumbuka nani aliketi wapi. Cicero, msemaji maarufu wa Roma, aliandika hicho kisa mwaka wa 55 KK, na wasemaji wa Roma walipanga hotuba hivyo hivyo, kila hoja na pembe yake ndani ya nyumba wanayoijua. Mimi naishi bedsita, chumba kimoja tu, beti sita zitakaa wapi? Nikachukua Ngong Road, barabara ya hapa Nairobi, kila steji na ubeti wake.

Ubeti wa kwanza Dagoretti Corner, halafu Junction, Adams, Prestige, City Mortuary, wa mwisho Railways. Kila asubuhi nikiwa kwa mathree, yaani matatu, nanong'ona ubeti wa steji tuliyofika, makanga akanizoea, jirani wa kiti ndio walikuwa wanasogea. Warumi walisema picha ya ajabu ndiyo inashika, na ni kweli, ubeti wa kumsifu bibi harusi uliangukia City Mortuary kwa hivyo nikamwona na shela yake hapo getini anatafuna mahindi choma. Huo sikuwahi kuusahau.

Pumzi nayo mizani yenyewe inakupimia, unavuta kidogo ukwapi (nusu ya kwanza ya mstari) ukiisha, kabla ya utao (nusu ya pili), na kibwagizo, ule mstari wa mwisho unaorudiwa, unawaachia watu waitikie wewe unameza mate. Hapo ndio nilipumzika kabisa.

Siku yenyewe maiki ilipiga mluzi katikati ya ubeti wa nne, watu wakaziba masikio, nikajiuliza tu tuko steji gani, Prestige, nikaendelea. Shangazi aliniuliza baadaye mbona nilikuwa natabasamu nikimsifu bibi harusi, nikamwambia ni furaha. Sasa ameniambia Desemba kuna harusi ingine, na hiyo itabidi nitumie Jogoo Road, juu Ngong Road bado imejaa.