Zawadi ya kuhamia: tulivyomfungia mdogo wangu gata na tangi

Mdogo wangu alipohamia kwake Ipuli, hapa Tabora mjini, nyumba ilikuwa katika hali ya nyumba nyingi ambazo watu huzihamia ili kukimbia kodi: bati lipo, milango na nondo za madirisha zipo, sebule imepigwa lipu, vyumba vya nyuma bado, dari hakuna. Ndugu walifurahi kwa dhati. Kwenye kundi la familia ahadi zikaanza kumiminika, saa ya ukutani, mapazia, maua ya plastiki, seti tatu za glasi. Nikawaomba wasubiri kidogo. Mtu aliyemaliza akiba yake kwenye tofali na mabati, pambo anaweza kulisubiri. Mpe kile ambacho angekinunua mwenyewe kama mfuko ungemruhusu.

Kabla ya siku ya dua ya kuhamia nilienda kumsaidia wifi usafi. Hili nawashauri wote wanaotaka kutoa zawadi ya maana, kwa sababu ukishika fagio unaijua nyumba kuliko ukikaribishwa sebuleni. Shida ilikuwa maji. Bomba halijafika kiwanjani, madumu yanaletwa kwa mkokoteni, na wana mtoto mchanga, kwa hiyo kufua hakuishi. Nikamuuliza, "Wifi, tukikuletea kitu kimoja tu, kipi kitakupunguzia kazi?"

"Wifi, chochote mtakacholeta tutakipokea kwa heshima."

Nilimbana kidogo, akataja pipa la maji.

Pipa likanifanya niangalie juu. Tabora tuna msimu mmoja wa mvua, takriban Novemba hadi Aprili, kisha kiangazi kirefu. Maji yote ya msimu ule yalikuwa yanakwenda kuishia uani na kuchimba msingi. Hesabu yake ni rahisi: mvua ya milimita moja kwenye mita moja ya mraba ya paa ni lita moja. Upande mmoja wa paa lao ni kama mita za mraba 40. Mvua ya milimita 25 ikinyesha hapo, ni lita 1,000. Toa yanayoruka na yanayovuja, bado zinabaki kama 800, na hiyo ni mvua moja nzuri tu. Nikapendekeza tangi la lita 1,000, gata, yaani mfereji wa kukinga maji ya paa, upande mmoja, na ufundi wake.

Baba mdogo alikataa. "Mwanangu, zawadi haipigiliwi misumari. Zawadi mtu anaipokea kwa mikono miwili, watu wakiona." Sikumpuuza, maana ana hoja: kukabidhi mbele ya watu ni sehemu ya heshima yetu. Nilimpelekea hesabu kwenye karatasi. Amelima tumbaku Urambo miaka mingi, habari za mvua huwezi kumfundisha. Alirudia kuzidisha mwenyewe, akanyamaza, kisha akatoa mchango mkubwa kuliko wetu sote, kwa sharti kwamba kiwepo na cha kushika mkononi. Tukakubaliana dumu la asali ya miombo, ambayo ndiyo fahari ya Tabora, na michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, kutoka kwa shangazi.

Kwenye kazi yenyewe niwe wazi, kwa sababu hapa ndipo zawadi nyingi za aina hii huharibika. Mchango lazima uhusishe hela ya fundi. Ukimletea mtu tangi bila fundi, umemwachia deni. Lita 1,000 ni uzito wa tani moja, kwa hiyo tangi halikai juu ya udongo. Tulijenga kitako cha tofali na zege, kimeinuka kiasi cha ndoo kuingia chini ya koki. Gata hufungwa kwenye fisha bodi, ule ubao wa ukingoni mwa paa, na ubao ukiwa umeoza ubadilishwe kwanza. Mteremko uwe kama sentimita moja kwa kila mita mbili kuelekea kwenye tangi, la sivyo maji yatatuama na mbu watazaliana. Mdomo wa tangi tuliufunga wavu, na bomba la maji yanayozidi tukalielekeza mbali na msingi. Mvua za mwanzo waache zimwagike, zinaosha vumbi na kinyesi cha ndege. Maji hayo ni ya kufua, kuoshea na kumwagilia. Ya kunywa yachemshwe.

Siku ya dua Baba mdogo alikabidhi asali kwa mikono miwili, kama alivyotaka. Nilimkumbusha wifi pembeni kwamba mtoto asilambishwe kabla ya kutimiza mwaka mmoja, kwa kuwa asali inaweza kubeba vijidudu ambavyo tumbo la mtoto mchanga haliviwezi. Na ikiganda wasidhani imechakachuliwa, waweke chombo kwenye maji ya vuguvugu.

Mjomba alileta miche miwili ya miembe ya kubebesha, yaani iliyounganishwa na kikonyo cha mwembe mwingine. Zawadi nzuri sana kwa mji huu, na mche wa namna hiyo huanza kuzaa baada ya miaka mitatu au minne. Ila muonyeshe mwenyeji mahali pa kuupanda, mbali na ukuta na mbali na karo, na usubiri mvua zishike.

Kwa asiye na uwezo wa kuchangia kikubwa, zawadi iliyonigusa kuliko zote ilitoka kwa rafiki yake wa kazini: kitasa kipya cha mlango mkubwa. Wakati wa ujenzi funguo hupita mikononi mwa mafundi wengi, na mwenye nyumba huwa amechoka kiasi cha kutolikumbuka hilo. Jirani mmoja aliomba namba ya mita akawanunulia umeme wa LUKU. Kamba ya kuanikia, ekstensheni, reki, ngazi, vyote hivyo vilitumika ndani ya wiki ileile.

Sasa binamu yetu wa Nzega anahamia kwake baada ya Idi. Nimeshampigia simu. Maji anayo, anachotaka ni uzio wa michongoma, na Baba mdogo ameanza kuuliza mche unauzwaje.