Kandambili moja mlangoni

Kosa la Doto lilikuwa dogo. Alirudi kucheza akavua kandambili moja mlangoni, ya pili sijui kaiacha wapi, akapitiliza ndani kuulizia chakula. Mimi ni askari polisi, na nilikuwa nimetoka zamu ya usiku. Nilimfokea mtoto wa miaka sita mpaka akajikojolea. Mama Kulwa hakusema neno, akawashika pacha wote wawili mkono wakaenda kwa jirani. Kota zetu kuta ni nyembamba, kwa hiyo wote walisikia.

Hiyo ilikuwa Januari 2019. Miezi minne nyuma nilikuwa kisiwa cha Ukara, Ziwa Victoria. Alhamisi ya tarehe 20 Septemba 2018, siku ya gulio Bugolora, kivuko MV Nyerere kilipinduka kikikaribia gati la Bwisya. Uwezo wa kivuko ulikuwa abiria 101. Waliokufa walizidi 220. Mimi sikuzamia, nilikuwa nchi kavu, nashika kamba ya kuzuia watu na kuwapitisha ndugu waje kutambua miili. Ukiniuliza kilichonikaa kichwani, si maiti, ni kandambili. Zilikuwa zinaletwa na mawimbi moja moja, za kila rangi, na jioni nikajikuta nazitafutia wenzake pale mchangani, bluu kwa bluu, kama nimetumwa.

Niliporudi Mwanza hakuna aliyeniuliza kitu, na mimi sikusema. Nikawa napitia grosari kila nikitoka kazini, vichupa viwili ndipo nilale, na saa nane niko macho. Kazini nikawa mkali vibaya. Mtu anakuja kuchukua PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, damu inamchuruzika, namhoji kama yeye ndiye mtuhumiwa.

Semina za msongo wa mawazo tumehudhuria, msinielewe vibaya. Moja mtoa mada alitushauri tufanye mazoezi. Askari aliyesimama Buzuruga akiongoza magari tangu saa kumi na mbili asubuhi anaambiwa akanyooshe miguu!

Aliyenisaidia ni sajenti mmoja aliyekuwa amebakiza mwaka astaafu. Zile kelele za kota zilimfikia. Aliniita tukakae kwenye mawe kule ziwani, akaniambia kwanza niombe kazi za mezani, nisiguse silaha mpaka nilale usingizi wa maana. Nilichukia. Ukiomba kutobeba bunduki, kesho kituo kizima kitasema fulani kachizika. "Acha waseme," akasema, "wewe una watoto." Wiki iliyofuata alinisindikiza hospitali kwenye kitengo cha afya ya akili. Tulivaa kiraia, yeye akabaki kwenye benchi la nje na gazeti lake la michezo.

Nilitegemea kuulizwa kuhusu maiti. Daktari akaniuliza nalala saa ngapi, nakunywa nini, na zamu zangu zinabadilika mara ngapi kwa wiki. Akanieleza kwamba pombe inakuangusha tu, usingizi wenyewe inauvunja katikati ya usiku. Zile saa nane zangu, kumbe! Safari ya tatu ndipo nilipomweleza habari ya kandambili, na nililia kama mtoto, mtu mzima na cheo chake begani.

Sasa sajenti ni mimi. Vijana wangu wakitoka kwenye tukio baya hawaendi nyumbani moja kwa moja. Tunakaa nyuma ya kituo, nachemsha chai, anayetaka kusema anasema. Maelezo ya jalada yatasubiri nusu saa.

Juzi konstebo mmoja wa kike alitoka kwenye ajali ya bodaboda, barabara ya Musoma. Alinawa mikono, akanawa tena, akarudi bombani mara ya tatu. Nikafunga koki, nikampa kikombe na kigoda. Alikaa muda mrefu bila kuonja.

"Afande," akasema, "yule mama alikuwa na ndoo ya nyanya. Hata moja haikupasuka."

"Zilikuwa nyingi?"

"Ndoo nzima. Nimeziokota zote."

Chai yake ilikuwa imepoa. Nikaimwaga, nikamjazia nyingine.