Kutoka Bukumbi mpaka Namugongo, safari ya fundi cherehani

Mi ni fundi cherehani, nakaa Bukumbi kule Misungwi, na hija ya Namugongo, kule Uganda walikouawa mashahidi, nimeitamani toka niko mafundisho ya komunyo maana bibi alikuwa anatusimulia kwamba mapadre wa Buganda waliwahi kukimbilia huku kwetu. Na ni kweli kabisa. Padre Lourdel, yule Waganda walimwita Mapera, alifika Entebbe Februari 1879 na mwenzake Bruda Amans, lakini mwaka 1882 mambo yakawa magumu chini ya Kabaka Mutesa, mfalme wa Buganda, wakaamua kutoka, wakavuka ziwa kuja kusini na misioni ya Bukumbi ikatokana na hapo, wakarudi Buganda 1885. Sasa kitu nilichokuwa nakiwaza miaka yote ni hiki, miaka karibu mitatu mapadre wako huku kwetu, kule Buganda nani alikuwa anasalisha, nani alikuwa anafundisha?

Basi mwaka huu parokia ikaandaa Kosta, nikafunga fremu, nikapanda.

Kwetu sisi safari imekuwa rahisi, zamani ulikuwa unasubiri kivuko pale Kigongo mpaka unasinzia, sasa hivi ni daraja, kilomita tatu juu ya maji, dakika chache uko Busisi. Sengerema, Geita, Katoro, Biharamulo, tunasali rozari tukichoka tunaimba tukichoka tunalala. Muleba migomba inaanza kujaa pande zote, Bukoba tukapita kanisa kuu alipolazwa Kardinali Rugambwa, Mwafrika wa kwanza kuwa kardinali, aliteuliwa 1960. Mzee mmoja kwenye gari alimjua, akasema alikuwa mtu wa kusalimia kila mtu mpaka watoto wa barabarani. Nikaiweka hiyo kichwani.

Mutukula siyo pa kuandika sana, hati ya kusafiria mkononi, kadi ya homa ya manjano mkononi, foleni, mhuri, badilisha hela, twende.

Upande wa pili barabara inapita Kyotera, Masaka, halafu Lukaya, hapo gari likisimama tu vijana na kina mama wanajaa madirishani na kuku wa kuchoma kwenye vijiti na gonja, zile ndizi za kuchoma. Tuliposhuka kujinyoosha mama mmoja wa kwaya yetu mkanda wa begi ukakatika, begi zima likamwagika chini, kanga, dawa zake za presha, chupa ya kuchukulia maji ya baraka. Mi sindano na uzi havinitoki mfukoni. Nikakaa kwenye tofali, nikaukunja mkanda mara mbili ili mshono ushike kwenye nyama siyo kwenye ukingo, nikapiga mishono ya kurudi nyuma, nikafunga fundo tatu, nikauvuta kwa nguvu zote, ukakaa. Mama akasema, "Mwanangu Mungu akuongezee, nikupe shilingi ngapi?" Nikamwambia, "Hapana mama, hii ndo sadaka yangu ya njiani." Akaangalia mshono akasema mbona umeshona kama la kuuza. Nikamwambia mama mi sijui kushona kwa namna mbili.

Kutoka hapo unavuka mstari wa ikweta pale Kayabwe watu wanapiga picha, halafu kabla ya Mpigi kuna sehemu inaitwa Mpambire, ngoma tupu zimepangwa kandokando ya barabara, kubwa kwa ndogo. Padre wetu akamwambia dereva asimame. Akasema mnajua Mtakatifu Andrea Kaggwa alikuwa nani? Alikuwa mkuu wa wapiga ngoma wa Kabaka, hiyo ndo ilikuwa ajira yake, na nyumbani kwake ndo watu walikuwa wanakuja kufundishwa dini. Aliuawa Munyonyo tarehe 26 Mei 1886. Yaani mpiga ngoma. Mi mashahidi nilikuwa nawajua kwenye picha tu, wamevaa nguo nyeupe wameshika matawi ya mitende, sikuwahi kuwawaza wakiwa kazini.

Jibu la swali langu likaanzia hapo hapo. Mapadre wakiwa Bukumbi walioshika kanisa Buganda ni waajiriwa. Yosefu Mukasa Balikuddembe alikuwa msimamizi wa nyumba ya Kabaka, mtu wa kuaminiwa kabisa, na ndiye aliyekuwa anawaongoza Wakatoliki bila padre yeyote, na mapadre waliporudi walikuta waumini wameongezeka! Huyo huyo ndo alimkemea Kabaka Mwanga, aliyekuja baada ya Mutesa, kwa kumuua askofu wa Kianglikana James Hannington na kwa kuwaharibu vijana wa ikulu, akauawa tarehe 15 Novemba 1885. Siku hiyo hiyo Karoli Lwanga akabatizwa akabeba ile kazi ya kuwalinda wale vijana. Lwanga kazi yake ilikuwa kusimamia watumishi vijana, sasa bosi anawataka kwa mambo machafu, na yeye ndo msimamizi wao. Fikiria hiyo hali ofisini kwako. Hakuacha kazi, hakukimbia, alikaa pale pale katikati ya bosi na watoto wa watu.

Munyonyo tulifika jioni tukalala, asubuhi tukaanza kutembea kwenda Namugongo kama walivyotembezwa mashahidi. Jua la Kampala, bodaboda zinapiga honi, watu wanatupungia mkono, mama mmoja anauza maji akatugawia pakiti kadhaa bure akasema "munsabire nange", na mimi mniombee. Tulipita Old Kampala alipoachwa shahidi Matia Mulumba afe taratibu, kakatwa mikono na miguu. Hapo sikuweza kuimba, nilinyamaza tu.

Namugongo usiku wa kuamkia tarehe 3 Juni, sikukuu ya mashahidi, sijui niieleze vipi. Watu wamelala kwenye mikeka, kwenye maboksi, kwenye nyasi, Wakenya, Wanyarwanda, Wakongo, wengine wametembea kwa miguu wiki nzima na zaidi kutoka majimbo ya mbali. Kanisa lenyewe limejengwa mfano wa nyumba ya Kiganda, nguzo 22 za shaba kuzunguka kwa ajili ya mashahidi 22 Wakatoliki waliotangazwa watakatifu na Papa Paulo wa Sita mwaka 1964, na altare iko pale alipochomwa Lwanga, alichomwa peke yake kwa moto mdogo kuanzia miguuni. Ndugu zetu Waanglikana nao wana kwao Nakiyanja pale jirani, damu ilimwagika pamoja, wao wanakumbuka 23.

Ila kilichonishika siyo zile nguzo. Kwenye hema la huduma ya kwanza alikuwepo binti mmoja mwanafunzi wa unesi, kachuchumaa na beseni, anawaosha miguu mahujaji wenye malengelenge. Mguu wa mzee mmoja ulikuwa umechubuka mpaka nyama inaonekana, unanuka, na yule binti hakugeuza uso hata kidogo, anaosha katikati ya vidole kimoja kimoja, anafuta, anapaka dawa, anafunga bandeji, anasema pole ssebo, yaani pole bwana, anaita mwingine. Nilimkuta saa nne usiku, nilipoenda chooni usiku wa manane bado yupo. Nilimuuliza kwa Kiswahili changu cha taratibu kama ataweza kusali misa kesho. Akasema akipata nafasi. Misa ikaanza yuko kwenye hema.

Baada ya sikukuu nusu ya gari walitaka Kampala madukani, sisi wengine tukamwomba padre Mityana. Nashukuru sana tulienda, na kwa maoni yangu anayeenda Namugongo akaacha Mityana ameacha kitu kikubwa. Huko ndo kwa shahidi Noa Mawaggali, mfinyanzi. Mfinyanzi wa vyungu jamani, mtu wa udongo! Yeye na Matia na Luka Banabakintu walikuwa wanapokezana, huyu anakwenda kwa miguu mpaka misioni kusikiliza mafundisho, yule anabaki kusalisha, akirudi anawafundisha wenzake alichosikia, Jumatatu kila mtu kazini. Hakuna aliyewaambia muache kazi ndo mmtumikie Mungu. Noa aliuawa kwa mkuki tarehe 31 Mei 1886.

Mi nimekuwa nasikia toka utotoni kwamba wito ni upadre au utawa, sisi wengine ni wa kutoa zaka na kufagia kanisa. Sikubaliani na hilo tena, na nimelisema kwenye jumuiya yetu mbele ya mwenyekiti. Cherehani ndo pa kuanzia mimi. Watu wa fani yetu tunajulikana nchi nzima kwa "njoo kesho", mteja anakuja kesho anaambiwa keshokutwa, mtoto anaenda kipaimara na nguo ya kuazima. Huo ni uongo, tena unasemwa na watu wenye rozari shingoni.

Tumerudi msimu wa sare za shule. Mama mmoja kaja na kitambaa anataka Ijumaa, nikahesabu kazi zilizopo nikamwambia mama yangu ukweli ni Jumatano ijayo, akasema mbona fundi wa pale sokoni kaniahidi kesho. Akachukua kitambaa chake akaenda. Ile hela niliihitaji, kodi ya fremu inadaiwa. Tarehe za wateja naziandika ukutani kwa chaki kubwa kila anayeingia azisome, na mtoto niliyemchukua kumfundisha kazi nimemwambia akiona nimepitisha hata moja aniambie mbele ya mteja.