Tishali la mchanga lilivyogeuka chombo cha kulaza kebo

Mimi ni fundi wa kuchomelea kutoka Mombasa, na huu ni mwaka wangu wa tisa Luzira, Kampala, kando ya Ziwa Victoria. Nilizoea matela na matangi ya maji mpaka mzee mmoja mwenye tishali la kubebea mchanga aliponiita bandari ya Port Bell. Alikuwa amepata kazi ya kulaza kebo ya umeme ziwani, kilomita 3, hadi kisiwani. "Fundi, chombo kipo, kebo ipo. Wewe weka tu mahali pa kuikalisha."

Weka tu! Kebo unene wake milimita 90, na kila mita kilo 12. Hizo ni tani 36, zote juu ya sitaha, ilhali mchanga ulikuwa ukikaa chini ngamani.

Injinia, dada aliyesomea mambo ya vyombo Dar es Salaam, hakuniruhusu hata kuwasha mashine kabla ya kupima chombo kinainama kwa urahisi kiasi gani. Alining'iniza timazi ya mita 3, risasi yake ikizama kwenye ndoo ya oili chafu ili isiyumbe ovyo. Tukahamisha mifuko 40 ya saruji kutoka katikati hadi ubavuni, naye akasoma kwenye rula uzi ulivyosogea. Alitarajia sentimita 2; zikaja karibu 4. Tukarudia, vilevile. Ndipo nikasikia chwa, chwa chini ya miguu. Kufungua mfuniko, maji yanafika kifundoni. Chombo kikiinama, maji nayo yanakimbilia upande uleule na kukilemea zaidi. Tukayavuta, nikaziba tundu la kutu, uzi ukarudi kwenye 2. Siku hiyo niliacha kumwita "binti".

Bakuli la kebo nililijenga katikati, likiwa na umbo la pia (koni) katikati yake ili mizunguko ya ndani isikunjike mno. Kule tezini, yaani nyuma ya chombo, kebo inapoteremkia majini, ilitakiwa ipite kwenye tao. Kiwanda kilikataza kuipinda chini ya mara 15 ya unene wake, yaani nusu kipenyo cha mita 1.35, nikalikata tao kwa mita 1.5. Maungio niliyasaga, kisha nikapitisha soksi kuukuu juu yake. Ikinasa uzi mmoja, nasaga tena.

Nilidhani kazi itakuwa kuivuta kebo. Kumbe kazi ni kuizuia! Kwenye kina cha mita 30, kipande kinachoning'inia peke yake kinakaribia kilo 200, hata baada ya maji kukipunguzia uzito. Tuliibana kati ya jozi za matairi ya lori, juu na chini, breki zikiwa zilezile za lori. Siku ya majaribio matairi yakateleza kwenye lami ya ganda la kebo, mita 40 zikatuponyoka, tukazirudisha kwa mikono tukitukanana kwa lugha nne. (Nilijifariji kwamba hata Great Eastern, meli kubwa ya abiria iliyotiwa matangi matatu ya kebo, ilikatikiwa na kebo ya Atlantiki mwaka 1865.) Dawa ilikuwa kupunguza upepo wa matairi ili yakumbatie vizuri, na kuongeza jozi mbili.

Tulianza alfajiri, ziwa likiwa shwari, mwendo wa mtu anayesindikiza mgeni. Tulisimama mara moja tu, magugu maji yalipoziba njia ya maji ya kupozea injini ya boti iliyotukokota. Karibu na kisiwa, ncha ya kebo tuliielekeza ufukweni ikielea juu ya madumu matupu ya manjano. Vijana wa pale wakaingia majini na visu, wakakata kamba dumu moja baada ya jingine, kebo ikazama taratibu. Madumu wakaondoka nayo.